Sisplatini: Dawa ya platinamu inayomtaka mgonjwa awahi

SISPLATINI ni dawa ya saratani iliyotengenezwa kwa platinamu, metali inayofahamika zaidi kwa vito. Imo katika kundi la kemikali ambazo kiini chake ni metali za mpito, jamii moja na chuma na shaba.

Ilitengenezwa mwaka 1845 na mkemia wa Italia, Michele Peyrone, lakini uwezo wake haukujulikana kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1965, Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alichapisha matokeo ya kupitisha umeme kwenye bakteria kwa kutumia vipande vya platinamu. Bakteria walirefuka bila kugawanyika. Kilichowazuia hakikuwa umeme, bali kemikali iliyotoka kwenye platinamu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1978.

Ikiingia ndani ya seli, platinamu hujifunga kwenye vinasaba na kuvipinda. Seli hushindwa kujigawa, hatimaye hufa.

Nchini Tanzania, saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa sisplatini ikitolewa pamoja na mionzi, hatari ya kufa kwa ugonjwa huo hupungua kwa asilimia 30 hadi 50.

Hata hivyo, tiba ya mionzi hutolewa katika hospitali chache nchini, ikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Mikindani, hiyo ni safari ya zaidi ya kilometa 500 na wiki kadhaa mbali na nyumbani.

Aidha, dawa hiyo hudhuru figo na usikivu, na husababisha kutapika. Ndiyo maana figo hupimwa kwanza, na mgonjwa huongezewa maji kwa dripu. Anayechelewa hadi uvimbe ukaziba mirija ya mkojo, figo zake hudhoofika, na daktari anaweza kulazimika kumnyima dawa ambayo ingemfaa.

Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi ni dalili ya kwenda kupimwa mapema. Wasichana, kwa upande wao, wamekuwa wakipewa chanjo ya kinga nchini kote tangu mwaka 2018.