Desemba Ni ya Nani?

Mwezi wa tatu mwaka 2021, baba na mama waliongea kupitia kwangu kwa karibu wiki nzima. "Ambia babako chai iko mezani." "Ambia mamako nimeiona." Nyumba nzima ilikuwa imenuna, na sababu haikuwa pesa wala shamba. Sababu ilikuwa kalenda ya shule.

Ndugu yangu mdogo alikuwa ndio amemaliza KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia tarehe 22 hadi 24 Machi mwaka huo badala ya Novemba. Baba alitaka atahiriwe Aprili, apone, aingie Kidato cha Kwanza mwezi wa nane akiwa mwanaume. "Huwezi kupeleka kihii bweni," alisema, na hapo mjadala kwake ulikuwa umekwisha. Mama naye alisema Aprili ni mvua na matope, na tena wajomba wote wako kazini. Irua ni ya Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani.

Shosho alikuwa ameketi karibu na moto akitenganisha maharagwe. Aliwasikiliza mpaka wakachoka, halafu akauliza, "Kwani siku hizi ni serikali inaamua kijana awe mwanaume lini?"

Tulicheka. Lakini hilo swali limenikaa kichwani miaka yote hii, na leo nataka kulijibu. Kila nikisikia wazazi hapa Nyeri, Karatina au Othaya wakibishana kuhusu tarehe za kufunga na kufungua shule, nasikia sauti ya shosho. Tarehe ni kisingizio tu. Wanachobishania ni nani ana haki juu ya muda wa mtoto.

Wacha nianzie mbali kidogo.

Kabla shule hazijafika huku kwetu, kalenda ilikuwa mikononi mwa wazee, na msidhani ilikuwa rahisi. Kulikuwa na muhingo, kipindi cha kufungwa, ambapo wavulana hawakutahiriwa kwa miaka kadhaa. Mlango ukifunguliwa, wale walioingia pamoja walikuwa riika moja, na riika ilipewa jina la jambo lililotokea wakati huo. Ndiyo maana kuna riika inayoitwa Kibandi, kwa sababu ya kile kipande ambacho Waingereza walilazimisha wanaume Waafrika kubeba. Kuna nyingine inaitwa Ndege. Yaani ukitaja riika yako umetaja historia yako. Tarehe ya kuingia utu uzima ilikuwa ya jamii nzima, na kulikuwa na watu unaowajua kwa majina walioipanga. Ukikosana nao, unajua boma la kwenda kulalamika.

Halafu wakaja wamisheni: Wakonsolata upande wa Mathari, Waskoti upande wa Tumutumu. Wakaleta kengele, rejista na muhula. Mtoto akahesabiwa kama yupo au hayupo.

Ugomvi mkubwa ulilipuka 1929. Baadhi ya makanisa yaliwataka waumini na walimu wakatae hadharani ukeketaji wa wasichana, na wazazi wengi wakatoa watoto wao shuleni. Niseme wazi msimamo wangu: kuhusu ukeketaji wenyewe, ni vizuri kwamba leo ni hatia, na sheria ya 2011 ilifanya kazi ambayo ilistahili kufanywa mapema zaidi. Lakini angalia kile wazazi walifanya baada ya kuondoka. Hawakukataa shule. Walijenga za kwao. Mwaka 1934 kukawa na chama cha shule huru za Wagikuyu, KISA, na pembeni yake shule za Karing'a. Mwaka 1939 kikaanzishwa chuo cha walimu cha Githunguri, kikiwa chini ya Mbiyu Koinange. Watu walichanga pesa na kubeba mawe ili watoto wasome kwa masharti ambayo wazazi wenyewe wangeyajadili. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo au kuziweka chini ya wengine.

Kwa hivyo mtu akiniambia wazazi wa siku hizi wanapenda tu kulalamika, huwa namjibu kwamba babu zetu walilalamika mpaka wakajenga shule.

Sasa tuje kwa kalenda tunayoijua sisi. Mtihani wa kwanza wa KCPE ulifanywa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Kwa karibu miaka 40 mambo yalikuwa yamepangika: mtihani Novemba, likizo ndefu, Januari sekondari. Huku milimani, mpango huo ulishikana na maisha kama kifungo na tundu lake. Mavuno makubwa ya kahawa ni Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo mikono ya watoto ilipatikana. Bonasi ya majani chai hulipwa karibu Oktoba, kwa hivyo mzazi wa Chinga au Gathuthi alijua karo ya Januari itatoka wapi. Ndugu waliotawanyika Nairobi na Mombasa walirudi Krismasi, kwa hivyo mvulana aliyemaliza Darasa la Nane alitahiriwa familia ikiwepo. Makanisa nayo yakaanzisha kambi zao Desemba, na hospitali na mafunzo ndani yake.

Hakuna aliyekaa chini akaandika kwamba irua itafuata KCPE. Ilitokea tu, polepole, mpaka tukaamini ni mila ya tangu zamani. Muhingo wetu wa kisasa ulikuwa unafunguliwa na baraza la mitihani.

Lakini hata hiyo Desemba tuliyoipenda haikuwa salama. Nani hakusoma tuisheni ya likizo? Shule moja niliyosomea ilikuwa inatuita wiki mbili baada ya kufunga. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wakafanya nini? Wakabadilisha jina. Ikaitwa "maktaba". Tuliambiwa tuje na nguo za nyumbani ili mtu akipita asishuku.

Na hapa ndipo nataka tuwe wakweli. Waliolipia hiyo maktaba ni wazazi. Kuna mama anayeuza nguo sokoni Karatina kuanzia alfajiri. Kwake likizo ya mwezi mmoja ni watoto 3 wasio na mtu wa kuwaangalia, na mtaa uliojaa pombe na muguka. Akisikia shule inafunga, anaingiwa na hofu. Mzazi mwingine mwenye shamba na nyanya nyumbani anasikia habari hiyo hiyo na kufurahi. Wote wawili wanampenda mtoto. Ukiwaweka kwenye mkutano mmoja wa shule watarushiana maneno, kumbe kinachowatenganisha ni aina ya kazi tu.

Mwaka 2016 serikali ilijaribu njia ngumu. Ili kuzuia wizi wa mitihani, Waziri Fred Matiang'i alirefusha muhula wa pili, akafupisha wa tatu, na kupiga marufuku siku za maombi na za kutembelea watoto muhula huo wa tatu. Kwa upande wa mitihani, wengi walimpigia makofi. Lakini muhula wa pili mwaka huo zaidi ya shule 100 zilichomwa, na miongoni mwa malalamiko ya wanafunzi ulikuwa ni urefu wa muhula wenyewe. Sisemi kalenda ilishika kiberiti. Nasema tu kwamba ukimfungia kijana muda wake wote, usishangae akitafuta mlango.

Kisha ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020. Julai, Waziri George Magoha akatangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea. Oktoba 12 wakarudi Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Wengine wakarudi Januari 4, 2021. Ili kurudisha kalenda mahali pake, serikali ikabana miaka.

Hesabu na mimi. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 26. Muhula wa pili Oktoba 11. Wa tatu Januari 3, 2022. Mwaka uliofuata ukaanza Aprili 25, na muhula wake wa pili Julai 11. Hiyo ni mara 5 mzazi anasimama langoni kwa basa na kuulizwa karo, na mwaka mmoja kamili haujaisha! Ni kweli karo ilipunguzwa: shule za kitaifa kutoka shilingi 53,554 hadi 45,000 kwa mwaka, na shule nyingi nyingine za bweni kutoka 40,535 hadi 35,000. Lakini kahawa haikukubali kuiva mara mbili zaidi kwa sababu wizara imebana mihula. Bonasi ilibaki moja.

Katikati ya hayo, shule zikaanza kuungua tena, na Novemba 2021 wanafunzi wa sekondari wakapewa mapumziko ya ghafla kutoka tarehe 19 hadi 23. Nakumbuka stendi ya matatu Nyeri mjini siku hiyo. Baba mmoja alikuwa anahesabu nauli ya watoto wawili, kwenda na kurudi, kwa siku tano. Mama aliyekuwa kando yake akamwambia, "Heri nauli kuliko mazishi." Wote walinyamaza.

Maneno ya huyo mama yalinirudia usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulipowaua wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha Academy, hapa hapa Kieni. Sitaki kuutumia msiba huo kushinda mjadala. Ila tangu siku hiyo, mzazi anayeuliza "mtoto wangu atakuwa nyumbani siku ngapi mwaka huu?" asiambiwe anamdekeza.

Na bado tarehe zinabadilishwa juu juu. Aprili 2024, wakati wa mafuriko, kufunguliwa kwa shule kuliahirishwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, Aprili 29. Wiki ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka Mei 13. Kuahirisha kulikuwa sawa kabisa, watu walikuwa wanakufa. Lakini mvua haikuanza usiku ule. Watoto walishapakia masanduku.

Leo swali la shosho limerudi kwa sura mpya. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Desemba 2024 hakukuwa na mvulana yeyote aliyemaliza Darasa la Nane kwa sababu darasa lenyewe halikuwepo. Sasa irua ni lini? Wengine wanapeleka watoto baada ya Gredi ya 6, wakiwa na miaka 12 hivi, wengine wanangoja mpaka Gredi ya 9. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana juu ya hili. Mmoja anasema mtoto wa Gredi ya 7 atachekwa na wenzake. Mwingine anasema huwezi kumwambia mtoto wa miaka 12 kwamba sasa ni mwanaume, halafu kesho umpigie kelele kwa kutofua soksi.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kukataa. Kwanza, tarehe zikitangazwa zisiguswe isipokuwa kwa hatari ya kweli, na zikiguswa mzazi aambiwe mapema. Pili, wanaopanga kalenda waulize mashamba yanavuna lini na pesa inaingia lini. Tatu, tuache kungoja mtihani utuambie mtoto amekua. Shule ikituondolea Darasa la Nane, familia zikae chini zikubaliane zenyewe, kama wazee wa muhingo walivyofanya. Tusilaumu serikali kwa kuamua jambo ambalo sisi wenyewe tuliacha mikononi mwake.

Najua mnataka kujua ile vita ya nyumbani iliishaje. Baba alishinda. Ndugu yangu alitahiriwa Aprili 2021, mvua ikinyesha kama mama alivyosema. Mjomba aliyepaswa kuwa mutiiri wake anaishi Nairobi, na tangu mwisho wa Machi kaunti hiyo na nyingine 4 zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Hakuweza kupanda Nyeri. Alimfundisha kwa simu, mtandao ukikatika katika mambo muhimu.

Desemba ilipofika, shule zilifungwa tarehe 23 na kufunguliwa Januari 3. Siku 10. Kama tungengoja kama mama alivyotaka, kidonda kisingepona. Baba alikuwa sahihi kwa hesabu, mama alikuwa sahihi kwa watu, na hakuna kati yao aliyekuwa amepanga hiyo kalenda.

Mjomba alifika Krismasi hiyo, miezi minane amechelewa. Akamchukua ndugu yangu wakatembea mpaka kiwanda cha kahawa na kurudi, wawili tu, jioni nzima. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba katika zile siku 10, hiyo jioni moja ndiyo anayoikumbuka mpaka leo.

Kwenu mliamua ni Gredi ya ngapi? Na nani alikuwa na neno la mwisho?