Chokaa, Ngeu na Kisu: Kuta za Pwani kama Ushahidi wa Historia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mwanaisimu anapozungumzia kuta, wasikilizaji wana haki ya kumuuliza ameingiaje katika kazi ya waashi. Jibu langu ni kwamba ameingia kupitia msamiati. Hudaiwa mara kwa mara kwamba majengo ya kale ya Waswahili hayana michoro ya ukutani, na sababu inayotolewa aghalabu ni dini. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba dai hilo linatokana na kutafuta brashi mahali ambapo fundi alitumia kisu.

2.0 Chokaa na Ubichi Wake

Malighafi ya kwanza ni chokaa. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa hadi joto likakaribia nyuzi 900 za Selsiasi. Katika joto hilo jiwe hupoteza hewa ukaa. Likimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga. Unga huo ukikandwa kwa maji na mchanga, kisha ukapakwa ukutani, huivuta tena hewa ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo, lipu ya kale ni tumbawe lililobadilishwa umbo.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyozaa sanaa mbili tofauti. Nchini Italia, katika kanisa dogo la Scrovegni mjini Padua, mnamo 1305, Giotto alipaka rangi juu ya lipu mbichi, na chokaa ilipoganda ikazifunga chembe za rangi. Kwa kuwa lipu haimsubiri mtu, ilipigwa kipande kwa kipande, kwa kadiri ya kazi ya siku moja. Buluu, iliyopakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, imebanduka mahali pengi.

Fundi wa Pwani naye aliuwahi ubichi huohuo, lakini kwa kukata. Katika nyumba za Lamu na Pate za karne ya 18, lipu ilichongwa nakshi kabla haijawa ngumu, hasa kwenye zidaka, yaani safu za vishubaka vya ukutani. Karne kadhaa kabla ya hapo, nakshi zilichongwa kwenye matumbawe yaliyokatwa baharini, ambayo huwa laini yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka.

3.0 Ushahidi wa Maneno

Lugha imehifadhi historia hiyo. Leo mwanafunzi akisikia kitenzi kuchora hufikiria penseli na karatasi. Hata hivyo, kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 bado inakipa maana ya kuchonga na kutia nakshi. Neno nakshi lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana hizo pia. Mwashi naye anatokana na kitenzi kuaka, yaani kujenga kwa mawe na chokaa, kitenzi ambacho wengi wetu hatukitumii tena. Umbo zidaka, badala ya vidaka, linaonyesha kiambishi cha lahaja za kaskazini. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliposikitikia majumba ya Pate, alivitaja vishubaka hivyo vilivyogeuka malazi ya ndege. Kwake, ukuta ulikuwa kumbukumbu ya watu.

4.0 Majahazi na Ngeu

Mwaka 1964, Peter na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi wao kuhusu vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwenye lipu za magofu ya Pwani, yakiwemo Gede, Kilwa na Songo Mnara. Hii ilikuwa miji ya Waislamu, nayo ilikuwa na picha. Dini, basi, haitoshi kuwa maelezo ya pekee.

Michoro ya rangi nayo ipo. Katika Fort Jesus, Mombasa, imehifadhiwa michoro ya Wareno, waliokuwa na ngome hiyo hadi 1698: meli, samaki na watu, vilivyochorwa kwa makaa na ngeu. Ngeu ni udongo mwekundu ambao maseremala wetu walipigia mistari ya kupimia mbao. Makaa na ngeu haviharibiwi na ukali wa chokaa. Ndiyo maana vimedumu.

5.0 Hitimisho

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa Pwani, nilirudi kwenye nyumba ambayo nililiona jahazi lililokwaruzwa ukutani. Lipu ilikuwa imekwanguliwa yote na kupigwa saruji. Mwenye nyumba hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemweleza alichokuwa nacho, na mimi ni mmoja wa wale ambao hawakumweleza.

Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji na chumvi hubaki ndani ya ukuta wa matumbawe, na chumvi inapoganda huusukuma na kuumomonyoa. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini orodha haipigi lipu. Kazi hiyo inahitaji fundi anayejua kuchoma chokaa, na fundi huyo hufunza kwa maneno. Nawasihi wanafunzi waende kwa waashi wazee wakayaandike maneno hayo, na kabla ya kuondoka wamwonyeshe mwenye nyumba kilichomo ukutani mwake.