Kardinali Rugambwa na Dar es Salaam ya Pembezoni

Mtaje Laurean Rugambwa kwa Mkatoliki yeyote wa Tanzania na atakujibu kwa mwaka mmoja: 1960, mwaka ambao Papa Yohane wa XXIII alimfanya Mwafrika huyu mweusi kuwa kardinali, wa kwanza katika historia ya sasa ya Kanisa. Heshima hiyo ni yake na hakuna wa kumnyang'anya. Ninachosikitikia ni kwamba imekuwa kubwa mno hata ikafunika kazi yake ndefu kuliko zote. Rugambwa alikuwa askofu huko Kagera kwa miaka 16 na ushei. Dar es Salaam aliichunga karibu miaka 24, kuanzia Desemba 1968 hadi Julai 1992. Katika miaka hiyo mji ulivuka Msimbazi, ukaimeza Temeke, ukapanda hadi Ukonga na kuifikia Kawe.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 Bukongo, Kamachumu, katika ukoo wa heshima miongoni mwa Wahaya. Alibatizwa pamoja na wazazi wake Machi 1921, akiwa na umri wa miaka minane. Kwa hiyo hakuwa mtoto aliyeikuta imani imetulia nyumbani. Aliiona familia yake ikiipokea. Alisoma seminari ya Rubya, kisha akavuka mpaka kwenda Katigondo, Uganda, nchi ambayo kuanzia 1939 ilikuwa na askofu Mwafrika, Joseph Kiwanuka wa Masaka. Alipewa upadre Desemba 1943, akafanya kazi ya uchungaji vijijini, na mwaka 1949 akapelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa.

Alirudi na shahada ya udaktari, na uaskofu haukuchelewa. Februari 1952 aliwekwa wakfu kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki Tanganyika, akakabidhiwa Kagera ya Chini, ambayo mwaka uliofuata iliitwa Jimbo la Rutabo. Miaka minane baadaye, tarehe 28 Machi 1960, Roma ilimtangaza kardinali akiwa na umri wa miaka 47. Siku hiyo walikuwapo pia Peter Tatsuo Doi wa Japani na Rufino Santos wa Ufilipino, nao wa kwanza kutoka nchi zao. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Mtoto wa Kamachumu alikuwa mshauri wa Papa kabla nchi yake haijapandisha bendera yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofunguliwa Oktoba 1962, maaskofu wa Afrika waliamua kuwa na sekretarieti ya pamoja ili wasimezwe na sauti za Ulaya, na uongozi wake wakampa Rugambwa. Baadaye alishiriki kumchagua Papa mara tatu: 1963, kisha mara mbili katika mwaka mmoja wa 1978. Sehemu hii ya maisha yake imeandikwa vya kutosha, nami sitaikalia zaidi.

Alipohamia Dar es Salaam alikuta kiti kilichokuwa wazi tangu 1966, mwaka ambao Askofu Mkuu Edgard Maranta, Mkapuchini kutoka Uswisi, alistaafu. Maranta alikuwa ameliongoza Kanisa la huku tangu 1930. Muda mrefu huo wote uso wa askofu jijini ulikuwa wa Mzungu, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya 1897 na 1902, lilitazama bandari waliyoingilia waliolijenga. Askofu mpya alikuja akiwa na kazi ya kuligeuza jimbo litazame nyuma, kule watu walikokuwa wakihamia.

Nao walihamia kwa kasi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 273,000 jijini. Ile ya 1978 ilipita 840,000, na ya 1988 ikapita milioni 1.3. Kawe ya miaka ile ilijulikana kwa kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, na waliokuja kutafuta kazi huko au Temeke walitoka kila pembe ya nchi. Mchaga, Mngoni, Mhaya na Mmakonde walijikuta wamepanga vyumba katika nyumba moja. Kijijini kila mmoja alikuwa na kigango, katekista na wazee wa kanisa waliomjua babu yake. Mjini hakujulikana na mtu.

Wakati huohuo Kanisa lilipoteza chombo lililokuwa limekizoea kuliko vyote. Baada ya Azimio la Arusha, na kwa Sheria ya Elimu ya 1969, shule za misheni zilichukuliwa na serikali. Lengo la Mwalimu Nyerere lilikuwa la haki: mtoto asinyimwe darasa kwa sababu ya dini yake. Lakini kwa askofu aliyeingia ofisini mwaka mmoja tu kabla, maana yake ilikuwa moja. Hangeweza tena kutegemea shule kuwakusanya waumini wake. Ilibidi awakusanye majumbani.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa miaka yake ya Dar es Salaam. Mwaka 1973, na tena 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia umoja wao wa AMECEA walikubaliana kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ndizo ziwe msingi wa uchungaji. Katika miji mingi azimio kama hilo lingebaki kwenye makabrasha. Dar es Salaam lilishuka mitaani. Familia za jirani hukutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, kwa kawaida Jumamosi asubuhi, husoma Injili, huchangia mgonjwa, huzika. Zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mara nyingi mama wa nyumbani au fundi wa mtaa. Anayetaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa huulizwa kwanza anasali jumuiya gani. Yule mpangaji wa Kawe asiyejulikana na mtu akapata watu wa kumjulia hali na, siku yake ikifika, wa kumbeba.

Sisemi Rugambwa peke yake aliyafanya hayo. Walifanya mapadre, watawa, makatekista na walei wengi. Lakini askofu anaweza kuliua jambo kwa kulipuuza, naye hakulipuuza. Nadhani kanuni ya Mtaguso, kwamba Kanisa ni taifa la Mungu, aliichukua kwa dhati kuliko wengi waliokaa naye Roma.

Upande wa huduma za jamii, jina lake linabebwa na hospitali ya Ukonga, na kule Bukoba na shule ya sekondari ya wasichana. Septemba 1990 alimpokea Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeanzia Dar es Salaam ziara yake ya siku tano nchini. Mapema mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini mkataba wa maelewano juu ya elimu na afya, mlango uliofungwa 1969 ukafunguliwa kwa kiasi. Mwaka huohuo, siku kumi baada ya kutimiza miaka 80, alimwachia kiti Polycarp Pengo, aliyekuwa askofu mwandamizi wake tangu 1990.

Mwadhama Rugambwa alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997. Alizikwa kwa muda Kashozi, na Oktoba 2012 mabaki yake yakahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba lilipokwisha kukarabatiwa. Ndiyo maana mahujaji huenda Kagera, na Kagera ina kila haki ya kumtunza mwanawe.

Kwetu Dar es Salaam yamebaki madaftari. Viongozi wa kwanza wa jumuiya za Kawe, Temeke na Ukonga, walioandika mahudhurio na michango miaka ya 1970, wengine bado wako hai, na madaftari yao yapo chini ya vitanda na juu ya makabati. Parokia zinapoandaa jubilei zao, ziwatafute wazee hawa, ziwarekodi, na madaftari hayo yapelekwe kwenye hifadhi ya jimbo kabla mchwa na mafuriko hayajayafikia.