Miwa Ilipoendesha Magari ya Nairobi

Msafiri apandaye matatu namba 46 kutoka katikati ya Nairobi kwenda Kawangware hawezi kukisia kwa urahisi kwamba, tangu 1983 hadi 1993, petroli ya mji huo ilitiwa spiriti ya miwa.

Chanzo chake kilikuwa shida. Mwaka 1973, na tena 1979, bei ya mafuta ilipanda ghafula duniani. Kenya haikuwa na kisima chake, nayo ilitoa fedha nyingi za kigeni kuyanunua. Brazili ilikuwa imekwisha kuonyesha njia tangu 1975. Basi kikajengwa kiwanda huko Muhoroni, kati ya mashamba ya miwa. Molasi, yaani uji mzito mweusi ubakiao sukari ikishatolewa, ilitiwa maji na hamira ikachacha, kisha ikakenekwa hata ikawa spiriti kali. Sehemu 1 ya spiriti ilichanganywa na sehemu 9 za petroli, na magari yakaenda bila kubadilishwa injini.

Mbona basi kazi hiyo ilikoma? Ujuzi haukupungua, wala kiwanda hakikufungwa. Kiliendelea kukeneka spiriti ya matumizi mengine. Lakini mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ilianguka, na faida ya mchanganyiko ule ikapungua.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Petroli rahisi ya kigeni ilikuwa msala upitao: bei yake ilikuja kupanda tena, na wakati huo mchanganyiko wa Nairobi ulikuwa umekwisha kuachwa.