Shamba la Anathothi: Ahadi ya Mungu Katika Mji Uliozingirwa

Mwaka wa kumi wa kutawala kwake Sedekia, yapata 587 KK, jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu na maboma ya udongo yalikuwa yamekwisha kuufikia ukuta. Ndani ya mji, njaa na tauni. Nabii Yeremia alikuwa mahabusu katika uwanda wa walinzi, kwa kosa la kutamka hadharani kwamba mji utatekwa na mfalme hataponyoka. Humo ndimo alimofuatwa na binamu yake, Hanameli mwana wa Shalumu, aliyekuja na jambo la biashara: kuna shamba Anathothi, katika nchi ya Benyamini, na haki ya kulikomboa ni yako, linunue. Yeremia akalinunua.

Tukio hili, lililosimuliwa katika sura ya 32 ya kitabu cha nabii huyo, huhubiriwa mara chache kuliko linavyostahili. Nadhani sababu ni kwamba linaisumbua dhana tuliyoizoea, kwamba kuziamini ahadi za Mungu katika kipindi cha giza ni suala la moyo: kutulia, kujipa matumaini, kukiri ushindi. Yeremia hakutulia, na hakuna mahali anapokiri ushindi. Alitoa fedha, akaandikisha. Ninachodai hapa ni kwamba imani ya namna hiyo hupimwa kwa tendo lenye gharama, na kwamba anayelitenda hana uhakika wa kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayekula matunda yake.

Tuanze na hasara. Anathothi ilikuwa kama kilomita 5 kaskazini mashariki mwa Yerusalemu, nje kabisa ya kuta, kwenye nchi iliyokwisha kuangukia mikononi mwa mvamizi. Ndiko alikozaliwa Yeremia, na ndiko walikotoka watu waliowahi kula njama ya kumuua ili aache kutabiri. Sura ya 11 inaeleza. Mnunuzi yuko kifungoni, muuzaji hana namna ya kulikabidhi, na mnunuzi huyohuyo ndiye aliyetabiri kwamba nchi nzima itachukuliwa. Dalali yeyote angesema mzee ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe analo adui. Ni kweli kwamba sheria ya Walawi, sura ya 25, ilimpa ndugu wa karibu haki ya kukomboa ardhi isitoke katika ukoo. Lakini haki hiyo haikumlazimisha Hanameli kuikumbuka wakati huo. Maandiko hayasemi nia yake. Mimi namshuku: mtu aliyezingirwa huhitaji fedha kuliko shamba asiloweza kulifikia.

Inafaa kusogea karibu na kuiangalia shughuli yenyewe, kwa kuwa msimulizi ameieleza kwa utulivu wa karani. Sarafu haikuwa imeanza kutumika katika nchi ile, kwa hiyo fedha ilipimwa kwa mizani: shekeli 17, karibu gramu 200. Hati ikaandikwa, ikatiwa muhuri, mashahidi wakatia sahihi zao. Zikawa nakala mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine iko wazi. Zote akakabidhiwa Baruku mwana wa Neria, mwandishi wa Yeremia, mbele ya Wayahudi waliokuwa wameketi uwandani, kwa agizo kwamba aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Nakala mbili zilikuwa na maana ya kisheria. Ile ya wazi ni ya kusomwa na yeyote. Ile iliyofungwa hufunguliwa ukizuka ugomvi, ili ionekane kama maneno ya nje yamechezewa. Desturi hiyo ilidumu karne nyingi. Mwaka 1961, katika pango moja karibu na Bahari ya Chumvi, wanaakiolojia walikuta hati za mwanamke wa Kiyahudi aitwaye Babatha, za karne ya 1 na ya 2 BK, baadhi zikiwa zimeandikwa kwa mtindo huohuo wa nakala pacha. Alizificha wakati wa vita na hakurudi kuzichukua. Nitarejea kwenye jambo hilo.

Msomaji aliyewahi kununua kiwanja kisichopimwa pembezoni mwa Dar es Salaam ataitambua hali ile: muuzaji na ndugu zake, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na muhuri wake, majirani wa mipaka wakitia sahihi mmoja baada ya mwingine, fedha ikihesabiwa na kurudiwa. Hakuna ashiki ndani yake. Na hapo ndipo uzito wa kisa ulipo. Ahadi ambayo Yeremia alipewa ilikuwa kwamba nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii, yaani kwamba maisha ya kawaida yatarudi. Aliiamini kwa kufanya jambo la kawaida wakati ambapo ukawaida wote umevunjika, na akalifanya kwa kufuata utaratibu bila kuruka hatua hata moja.

Watetezi wa imani isiyotikisika hupenda kuishia hapo. Sura inaendelea. Baada ya hati kukabidhiwa, Yeremia anaomba, na sala yake inakwenda mbali kabla ya kufikia linalomsumbua: uumbaji wa mbingu na nchi, ishara za Misri, watu kutolewa utumwani na kupewa nchi. Mwishoni ndipo anapolitoa. Maboma hayo hapo yameufikia mji, njaa na upanga vimekwisha fanya kazi yake, nawe ukaniambia ninunue shamba! Shaka imekuja baada ya muhuri. Wapo wataalamu wanaoona sala hii imeongezwa na wahariri wa baadaye, na huenda ndivyo. Hata hivyo, aliyeipanga hivyo alijua analofanya: mtu anaweza kutii kwanza na kutetemeka baadaye, na kutetemeka kwake hakubatilishi hati.

Mpangilio wa sala unagusa mjadala wetu wenyewe. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akidai kwamba fikra za jadi za Kiafrika zina wakati uliopita mrefu na wakati uliopo, lakini karibu hazina wakati ujao wa mbali. Alipingwa vikali, miongoni mwa waliompinga akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, na nadhani walimpinga kwa haki. (Ingawa lugha yenyewe inamtetea kidogo: tunahesabu kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo, kisha tunanyamaza.) Lakini tumsome Yeremia kwa jicho la Mbiti. Nabii huyu hana picha ya miaka ijayo. Alichonacho ni kumbukumbu. Anapotaka kushika jambo lililo mbele, anaingia zamani na kutoka na Misri. Ahadi, kwa mantiki hiyo, haimdai mwamini awe na ubunifu wa kuwazia mambo mema. Inamdai akumbuke, halafu atende kama mtu anayekumbuka.

Hapa ndipo tunapoachana na mahubiri mengi ya siku hizi. Katika sura ya 28 yumo Hanania mwana wa Azuri, aliyesimama hekaluni akatangaza, kwa jina la Bwana, kwamba katika miaka miwili mateka wote na vyombo vyote vitarudi kutoka Babeli. Yeremia alimjibu Amina. Alitamani iwe kweli! Kisha akamwambia kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, na mwaka huohuo akafa. Aliahidi jema lilelile ambalo Yeremia naye aliliahidi. Kilichowatenganisha ni kalenda. Alitoa tarehe ambayo msikilizaji angeweza kuisubiri bila kubadili chochote katika maisha yake.

Yeremia naye alitaja muda katika barua yake kwa waliohamishwa, sura ya 29, lakini ulikuwa miaka 70. Mtu mzima aliyesomewa barua ile alielewa papo hapo kwamba atazikwa Babeli. Ndiyo maana barua inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kupata wajukuu. Ndani ya barua hiyohiyo ndimo inamotoka aya ya 11, ile ya mawazo ya amani na tumaini, ambayo leo imechapwa kwenye kadi za mahafali na fulana za kwaya na kubandikwa kwenye vioo vya daladala. Sioni ubaya wa kuibandika. Ubaya ni kuikata kutoka kwenye aya ya 10, yenye ile miaka 70, na kuigeuza kuwa ahadi ya kupata kazi kabla ya Desemba.

Yuko atakayesema kwamba imani inayotazama mbali kiasi hicho ni kasumba ya kuwanyamazisha wanaoonewa. Hoja hiyo ni nzito, na katika historia ya makanisa yetu ina ushahidi wa kutosha. Lakini haimpati Yeremia. Wakati wa mzingiro huohuo, sura ya 34 inasimulia, wenye mali wa Yerusalemu walifanya agano la kuwaacha huru watumwa wao Waebrania, kisha Wababeli walipoondoka kwa muda wakawarudisha utumwani. Yeremia aliwashambulia kwa maneno makali. Kuiamini ahadi ya mbali hakukumfanya ayavumilie ya karibu.

Swali la Babatha linabaki. Chombo cha udongo huhifadhi hati. Hakimrudishi mwenye hati. Mji ulianguka. Yeremia aliachwa katika nchi, kisha akachukuliwa na wenzake kwenda Misri, yeye na Baruku, wakafika Tahpanesi, na huko habari zake zinaishia. Hakulima Anathothi. Hakuna aya inayosema chombo kile kilifunguliwa, wala kwamba yeyote wa nyumba ya Shalumu alidai mpaka wake. Kwa kipimo cha mtu mmoja na maisha yake, shekeli 17 zilipotea.

Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 KK, na waliotaka kurudi wakaruhusiwa. Sura ya 2 ya kitabu cha Ezra ni orodha yao, ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji, na wengi wetu huiruka tunaposoma. Katika aya ya 23 wamo watu wa Anathothi: 128.