Gari la Shamba: Lilikotoka na Namna ya Kulichagua Lililotumika

Leo tunazungumza juu ya gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lile ambalo wengi tumezoea kuliita fowili. Jipya hatuliwezi. Tutanunua lililokwisha kutumika, na mara nyingi kwa fedha za kuchanga. Basi tuanze na asili yake, maana ukiijua asili yake utajua pia ubovu wake unajificha wapi.

Gari hili lilizaliwa vitani. Kuanzia mwaka 1941 mpaka 1945 viwanda vya Willys na Ford huko Marekani vilitengeneza jipu zaidi ya 600,000 kwa ajili ya jeshi. Vita ilipokwisha, nyingi ziliuzwa kwa raia. Moja iliangukia mikononi mwa Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, naye akaitumia shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey. Ilimfaa sana. Lakini akajiuliza: siku ikifa, nitaweka nini mahali pake? Akaamua kutengeneza ya kwake.

Wakati huo chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza, lakini alumini ilipatikana. Kwa hiyo bodi ya Land Rover ikafanywa ya alumini, na chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ikabaki ya chuma. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Haikuwa gari la fahari. Ilitangazwa kama chombo cha mkulima, ikiwa na mahali pa kuchukulia nguvu ya injini ili kuzungusha mashine za shambani.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Land Rover ya zamani inaweza kung'aa juu kama sahani ya harusi, kumbe chini imeoza.

Yalinipata mimi mwenyewe. Tulikuwa wakulima watano, tumeuza kahawa, tukanunua Land Rover ndefu kwa mtu mmoja wa mjini. Chini ilikuwa imepakwa lami nyeusi, nzuri kabisa, nasi tukasema huyu bwana alikuwa anaitunza. Masika ya kwanza, ikiwa na magunia manane tu, chesisi ikakatika korongoni, karibu na springi za nyuma. Fundi wa kuchomelea alipogonga, kutu ikamwagika kama pumba. Kahawa ya mwaka mzima ikalala kando ya barabara, na mmoja wetu alikuwa ameahidi ada ya shule ya mtoto.

Kwa hiyo chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, ugonge taratibu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Gonga hasa pale springi zinaposhikwa, na ule mhimili wa mwisho kabisa nyuma, maana matope hukaa hapo. Ukikuta lami mbichi, shuku.

Toyota ina historia nyingine. Mwaka 1951, wakati wa vita ya Korea, kampuni hiyo ya Japani ilitengeneza gari la namna ya jipu, likapandishwa Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Bodi yake ni ya chuma, kwa hiyo kutu yake huonekana mapema milangoni na sakafuni, haikufichi sana. Aina ya 40 ilitengenezwa kuanzia 1960 mpaka 1984, ikafuatwa na aina ya 70. Ni gari gumu, ila bei yake nayo ni ngumu. Suzuki ndogo ya SJ410, iliyoanza mwaka 1981, ina injini isiyofika lita moja. Inapanda mlima vizuri na hainywi sana, lakini usiibebeshe magunia ya mahindi.

Land Rover ya muundo ule wa zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Hata hivyo usiikatae kwa sababu hiyo. Uliza kwanza fundi wa karibu na kwako anajua kufungua ipi, na spea za ipi zinapatikana bila kwenda mbali.

Halafu jaribu fowili yenyewe, si kwenye lami. Peleka gari kwenye matope au mchanga, funga vile vifungio vya magurudumu ya mbele kama linavyo, ingiza gia nzito, na mwenzako asimame pembeni atazame kama magurudumu ya mbele yanavuta. Muuzaji akijisifu kwamba fowili haijawahi kutumiwa, hapo ndipo ujaribu zaidi, maana mitambo isiyotumika hushika kutu. Fungua kifuniko cha oili: ukiona kitu kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili.

Gari la pili tulilinunua tukiwa na nyundo mfukoni. Mwenye gari alinuna alipotuona tunalala chini. Tulipata tundu moja, tukamwonyesha, akapunguza bei, na lile tundu tukalichomelea kabla ya mvua.