Bepari Alipokuwa Mfanyabiashara Tu

Makongolosi, wilayani Chunya, Tanzania, ni mji wa dhahabu. Mchimbaji huja na kidonge chake cha dhahabu iliyonaswa kwa zebaki na kuchomwa, kikawekwa kwenye mizani, bei ikatajwa. Isipomridhisha, humwita mnunuzi mlanguzi, na hapo ugomvi huanza, kwa kuwa neno hilo sasa ni tusi. Kwa asili, kulangua ni kununua vitu kwa wingi ili uviuze kwa faida, kazi ya kila mwenye duka.

Lililolichafua ni shida ya miaka ya 1980. Sukari na sabuni ziliadimika madukani, watu wakapanga foleni kutwa nzima. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa. Aliyekutwa na shehena ya bidhaa nyumbani alihesabiwa adui wa taifa.

Kabla ya mlanguzi, neno bepari lilikwisha kuchafuliwa vivyo hivyo. Neno lilikuja na Wahindi waliofanya biashara pwani. Kwa Kigujarati ni mfanyabiashara, na kwa Kiswahili lilibaki hivyo kwa miaka mingi. Kabaila naye, kutoka Kiarabu, alikuwa mtu wa ukoo bora. Februari 5, 1967 likaja Azimio la Arusha, likakataa ubepari na ukabaila, likawazuia viongozi kumiliki hisa na nyumba za kupangisha. Darasani, redioni na katika mikutano ya chama tawala, TANU, bepari akawa mnyonyaji.

Mambo haya hayako kwetu peke yetu. Huko China, xiaojie lilikuwa jina la heshima la binti wa nyumba ya kitajiri. Leo, katika sehemu nyingi za nchi hiyo, msichana akiitwa hivyo hudhani ameitwa kahaba.

Huku kwetu, mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliwarudishia viongozi ruhusa ya kumiliki hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 2019 Serikali ilifungua masoko ya madini, la Chunya likiwemo, yenye bei elekezi. Sera zimebadilika, maneno yamebaki na madoa yake. Walimu wa Kiswahili wafundishe historia hiyo, ili vijana wasirithi chuki wasiyojua chanzo chake. Mnunuzi anayechezea mizani ni mwizi, aitwe mwizi. Anayelipa bei ya soko ni mfanyabiashara, na apewe heshima yake.